Mfano wa maji wa mzunguko wa fedha Tanga: ndoo ya "nje" inajaa, mzunguko unakauka

MwalimuChumbageni

Wakuu, salaam. Natengeneza mtambo wa maji wa kufundishia mzunguko wa fedha kwa kidato cha tano na sita. Maji ndiyo shilingi, ndoo ndizo mifuko, koki ndizo maamuzi ya watu. Umekwama na nahitaji msaada wa wanaojua uchumi na wanaojua mabomba.

Ulivyo sasa: ndoo ya lita 20 iko juu ya rafu, imeandikwa TANGA (kaya na biashara kwa pamoja). Chini ubavuni ina koki nne za robo inchi. Ya kwanza ni matumizi ya ndani ya mkoa, ya pili kodi, ya tatu akiba, ya nne ni manunuzi kutoka nje ya mkoa: nguo, petroli, simu, vipuri. Kila koki ina ndoo yake chini. Maji ya ndoo ya "matumizi ya ndani" yanarudishwa juu na pampu ndogo ya volti 12, kwa sababu pesa niliyonunulia samaki kwenye soko la Deep Sea inabaki kuwa kipato cha mtu wa Tanga.

Usawa wa maji ukiwa sm 20 (lita 13 hivi) nilipima kila koki kwa saa na kikombe nikarekebisha: ndani ml 300 kwa dakika, kodi 112, akiba 75, nje 263. Jumla 750. Uwiano ni wa kufundishia tu, asilimia 40, 15, 10 na 35, si takwimu za mkoa.

Nikiuacha uende, baada ya dakika 40 usawa umeshuka hadi sm 2 hivi, na mtiririko wote umebaki ml 230 kwa dakika. Ndoo ya nje ina lita 7, kodi 3, akiba 2. Uchumi umekufa kabla kipindi hakijaisha.

Maswali: kosa ni la koki, la pampu, au la uchumi wenyewe? Na nitaonyeshaje fedha mpya inapoingia, kwa mfano ujenzi wa bomba la mafuta ghafi kule Chongoleani?

---

Hesabu_Mkonge

Mwalimu, anza na namba ulizotoa, zinasema mengi. Lita 7, 3 na 2 ni uwiano uleule wa 35, 15 na 10. Kwa hiyo mgawanyo wa koki ni sahihi, na upande huo usiuguse. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia. Umejenga mkoa unaonunua nje lakini hauuzi, unaolipa kodi lakini hauna mwalimu wala nesi anayelipwa mshahara na Hazina. Shilingi kwako ni waja leo waondoka leo. Mkoa wa namna hiyo ungekauka kweli, mtambo haujakudanganya.

Mitiririko ya kutoka tuiite mivujo: kodi, akiba, manunuzi ya nje. Kila shilingi 100 za kipato, 60 zinavuja. Mitiririko ya kuingia tuiite miingizo: mishahara na matumizi ya serikali, mauzo ya nje ya mkoa (mkonge, saruji ya Pongwe, machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto zinazopanda lori kwenda Dar), mikopo ya uwekezaji, na pesa ambazo vijana walioko mbali wanawatumia wazazi kwa simu. Kipato hutulia pale mivujo inapolingana na miingizo, hakitulii mahali pengine popote. Ukitaka kitulie kwenye ml 750, ingiza ml 450 kwa dakika bila kukoma, maana 0.6 × 750 = 450. Ukiingiza 300 kitatulia 500. Huna haja ya kubahatisha: gawa miingizo kwa 0.6.

Hapo ndipo kizidishi kinapotoka. Shilingi 100 mpya ikiingia, raundi ya pili inabaki 40, ya tatu 16, ya nne 6.4, ya tano 2.56. Jumla yake yote inakaribia 166.67, yaani 100 ÷ 0.6; kizidishi ni 1.67. Wanafunzi wahesabu raundi tano kwa mkono kabla hujawasha pampu. Wataona raundi tatu za mwanzo zimeshabeba 156 kati ya hizo 166.67, zilizobaki ni makombo.

Sasa Chongoleani. Bomba lile lina km 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, Uganda, na mwisho wake ni hapo kwenu. Kosa ambalo karibu kila mfano hufanya ni kuchukua gharama yote ya mradi na kuipiga kizidishi. Mabomba ya chuma yakinunuliwa ng'ambo, pesa yake haijawahi kugusa ndoo ya TANGA, kwa hiyo haiwezi kuzunguka humo. Kinachoingia ni mishahara ya wanaoishi hapa, kodi za nyumba, mama lishe, kokoto, malori ya hapa, walinzi. Tuseme kwa mfano tu kwamba katika kila shilingi 100 za mradi, 20 ndizo zinazotua Tanga. Matokeo ni 20 ÷ 0.6 = 33, si 167. Tofauti hiyo peke yake inatosha kipindi kizima.

Jambo la kuamua mapema: kodi. Ukiunganisha ndoo ya kodi moja kwa moja na tangi la TANGA, umesema serikali inatumia hapa kila inachokusanya hapa. Mivujo inashuka kuwa 45 na kizidishi kinakuwa 2.22. Kwa nchi nzima hilo linaweza kusomeka kama bajeti isiyo na nakisi. Kwa mkoa si kweli, kodi inakwenda Hazina na matumizi yanapangwa kwa utaratibu mwingine kabisa. Kwa mfano wa Tanga, mwaga kodi kwenye hifadhi moja kubwa pamoja na "nje", kisha miingizo itoke humo kwa mrija wake.

---

FundiBomba_Ngamiani

Hesabu_Mkonge kasema kweli kuhusu miingizo, lakini kuna kosa la pili hamjaliona, na liko kwenye namba hizohizo. Usawa umeshuka kutoka sm 20 hadi 2, yaani umebaki sehemu ya kumi. Mtiririko umeshuka kutoka 750 hadi 230, umebaki karibu theluthi. Kwa nini haukushuka hadi 75? Kwa sababu maji yanayopita kwenye tundu au koki hayafuati kimo, yanafuata kipeuo cha pili cha kimo. Kipeuo cha 0.1 ni 0.316, na 0.316 × 750 ni 237. Namba yako ya 230 imeangukia hapo hapo.

Maana yake kiuchumi: koki inasema mtu mwenye nusu ya pesa anatumia asilimia 71 ya alichokuwa akitumia, na mwenye robo anatumia nusu. Labda unataka hivyo, lakini hukukusudia. Hesabu za darasani zinataka mtiririko uwe sawia na kilichomo mfukoni.

Dawa ni kutumia mirija myembamba mirefu badala ya koki. Maji yakienda taratibu kwenye mrija mwembamba yanakuwa na mtiririko tulivu, na hapo kinachoyazuia ni mnato wake, si mdomo wa tundu. Kimo kikipungua nusu, mtiririko nao unapungua nusu. Vipimo vinavyofanya kazi:

Mrija wa plastiki wenye kipenyo cha ndani cha mm 2, urefu m 1.5. Kwa kimo cha sm 20 na maji ya nyuzi 28 unapitisha takriban ml 0.62 kwa sekunde, yaani ml 37 kwa dakika. Mirija 20 inakupa 744, karibu sawa na 750 yako. Sasa uwiano haurekebishwi tena, unahesabiwa kwa mirija: 8 matumizi ya ndani, 3 kodi, 2 akiba, 7 nje. Mwanafunzi akitaka kupandisha kodi kutoka asilimia 15 hadi 20 anahamisha mrija mmoja kwa mkono wake.

Usishawishike na mpira wa dripu kwa kuwa unapatikana kila duka la dawa. Ndani una mm 3 hivi, na mtiririko unakua kwa kipenyo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo unapitisha mara tano zaidi. Kwa m 1.5 maji yanakwenda kasi kiasi kwamba sm 2 kati ya 20 za kimo zinaliwa na mwendo wenyewe, na usawia unaharibika kwa kama asilimia 10. Kwa mm 2 hasara hiyo ni asilimia 2 tu. Kipeo hichohicho cha nne ndicho kinachofanya mirija ya roli tofauti isilingane: tofauti ya asilimia 5 kwenye kipenyo ni karibu asilimia 22 kwenye maji. Kata yote kutoka kwenye roli moja.

Ncha za kutokea zisining'inie hewani. Usawa ukishuka, tone linashikilia mdomo wa mrija na mtiririko unakatika kabla ya sifuri. Zamisha kila ncha kwenye kihori kidogo chenye mdomo wa kufurikia, na midomo ya vihori vyote iwe kwenye usawa mmoja. Usawa huo ndio sifuri yako. Chora mstari huohuo kwenye tangi la TANGA kwa kutumia mpira mweupe (unaoonyesha ndani) uliojazwa maji kama waashi wanavyofanya. Kimo kinapimwa kutoka hapo, si kutoka kitako cha tangi. Maji yaliyo chini ya mstari hayazunguki kamwe. Waambie hayo ni ya kwenye kibubu.

Mirija usiikunje miduara midogo ili kuokoa nafasi. Mkunjo unaongeza ukinzani, na hauongezi kwa usawia. Ilegeze kwa pinde pana. Viputo navyo ni adui: kiputo kimoja kwenye mm 2 kinaziba. Maji yalale usiku kucha kwenye ndoo wazi, na kila mrija uvutwe ujae kabla ya kuanza. Matone machache ya dawa ya kufulia nguo nyeupe yatazuia ukijani. Sabuni hapana, pampu itaigeuza povu.

Ndoo nayo itupe. Lita 13 kwa mtiririko huo ni kubwa mno. Ukiweka miingizo sawasawa, mfano utachukua karibu dakika 29 kufunika theluthi mbili tu ya safari ya kufika kwenye msawazo mpya, na saa moja na nusu kufika asilimia 95. Kipindi mara mbili kimekwisha na watoto wamelala. Chukua kipande cha bomba la PVC la inchi 4, sm 50, kofia imegundishwa chini. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 80, kwa hiyo sm 20 ni lita 1.6. Sasa asilimia 95 inafikiwa kwa dakika 11. Ubavuni funga mpira mweupe uone usawa, na mirija 20 itoke kwenye mduara mmoja wa matundu, chini ya mstari wa sifuri.

---

MwalimuChumbageni

Nashukuru sana, nilikuwa nafikiria kununua koki bora zaidi! Mambo matatu bado. Miingizo naiwekaje iwe thabiti wakati volti za pampu zinapanda na kushuka? Pili, nimesoma kwamba Bill Phillips wa New Zealand aliwahi kujenga mtambo wa maji wa namna hii. Yeye alilimalizaje tatizo la kipeuo cha pili? Tatu, kwa Hesabu_Mkonge: sikukuu ya Idi pesa inazunguka haraka, kila mtu sokoni anasema biashara imechangamka. Nikifupisha mirija yote nusu, kipato si kitaongezeka mara mbili?

---

FundiBomba_Ngamiani

La kwanza. Miingizo isitoke kwenye pampu, itoke kwenye tangi la pili lenye kimo kisichobadilika. Kopo lolote lenye mdomo wa kufurikia ulio sm 20 juu ya sehemu maji yanapomwagikia. Pampu inalijaza kupita kiasi muda wote, ziada inafurika na kurudi kwenye hifadhi. Pampu inayoweza kupandisha lita moja kwa dakika kwenye kimo chako inatosha; soma kiwango chake kwenye kimo, si ile namba kubwa ya kwenye boksi ambayo ni ya kimo sifuri. Kutoka kwenye kopo hilo toa mirija ileile ya mm 2 na m 1.5. Mmoja ni ml 37. Mirija 12 ya kuingiza inalingana na mirija 12 ya kuvuja (3 + 2 + 7), na usawa unatulia sm 20 kamili.

Utamu wake ni huu: msawazo unahesabika kwa mirija peke yake. Usawa = 20 × miingizo ÷ 12. Mirija 9 inakupa sm 15, mirija 14 inakupa sm 23.3. Pia joto halikusumbui. Mnato wa maji unapungua karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kutoka nyuzi 25 asubuhi hadi 32 adhuhuri mtiririko unapanda kama asilimia 16. Lakini mirija ya kuingia na ya kutoka inaathirika sawa na usawa unabaki palepale. Usije tu ukapima miingizo asubuhi na mivujo mchana ukadhani umegundua ukuaji wa uchumi.

Pampu ya kurudisha matumizi ya ndani ndiyo inayohitaji akili. Ipandishe kinachofika, isizidishe wala isibakize. Kisima chake kiwe chembamba, bomba la inchi moja na nusu, na swichi ndogo ya boya inayowasha pampu kwa kupanda kwa sm 3. Hiyo ni kama ml 33, na kwenye tangi la TANGA inaonekana kama mtikisiko wa sm 0.4 tu. Swichi ndogo za boya haziwezi kubeba umeme wa pampu kwa muda mrefu, weka rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa kwa amri ya swichi ndogo). Ukitumia ndoo ya lita 20 kama kisima, nusu ya pesa ya mkoa itakuwa imejificha humo na hutajua.

La pili. Phillips alikuwa mhandisi kabla hajawa mchumi. Mtambo wake ulionyeshwa London School of Economics mwaka 1949, una kimo cha kama mita mbili, na mmoja uko Science Museum, London. Hakutumia mirija. Alichonga mipasuo ya umbo maalumu kwenye plastiki ngumu, mpasuo wenye upana usio sawa kutoka chini hadi juu, na umbo ndilo lililoamua uhusiano wa usawa na mtiririko. Maboya, nyuzi na kapi vikafungua na kufunga milango, na kalamu zikachora grafu. Kuchonga mpasuo kwa usahihi huo kwa tupa ni kazi ya subira. Mirija ni nafuu.

---

Hesabu_Mkonge

La tatu ndilo ninalolipenda. Ukifupisha mirija yote 20 ya kutoka nusu, kipato hakitaongezeka mara mbili. Hakitaongezeka hata tone. Usawa utashuka kutoka sm 20 hadi 10, na mtiririko utarudi kwenye 744 zilezile.

Sababu: kasi ya mzunguko ni kipato kugawa kwa fedha zilizomo mfukoni. Kwa bomba la Fundi, lita 1.6 kwa ml 12.4 kwa sekunde ni sekunde 129, yaani kila tone linakaa kwa wastani sekunde 129 kabla halijatumika. Ukiifanya 65, watu wanashika nusu ya pesa waliyokuwa wakishika, lakini mivujo nayo imepata kasi ileile. Miingizo haijabadilika, kwa hiyo kipato kinachoweza kudumu hakijabadilika. Utakachoona ni wimbi: dakika ya kwanza mtiririko unaruka karibu mara mbili, kisha unashuka taratibu hadi ulipokuwa. Hilo ndilo Idi. Wiki ile Ngamiani inachangamka kweli, wiki mbili baadaye mifuko ni myepesi.

Wale wanaosema kasi ikiongezeka kipato kinaongezeka wanatumia mlinganyo wa Irving Fisher wa 1911: fedha mara kasi sawa na bei mara miamala. Mlinganyo ni sahihi, ila unashikilia wingi wa fedha usibadilike. Katika ndoo isiyovuja hilo linakubalika. Mkoa unaovuja 60 kwa mia hauna uwezo wa kushikilia wingi wake wa fedha. Wingi huo unajipanga wenyewe kufuatana na miingizo na mivujo. Waonyeshe vyote viwili: kwanza ziba mirija 12 ya mivujo na mirija yote ya miingizo, acha ile 8 tu, fupisha, na mtiririko utaongezeka mara mbili na kubaki hivyo. Kisha fungua mivujo na miingizo urudie.

Ukitaka kipato kipande na kibaki juu una njia mbili: ongeza mirija ya miingizo, au hamisha mrija kutoka "nje" kwenda "ndani". Kuhamisha mmoja tu kunageuza mivujo kuwa 11, na usawa kwa miingizo 12 unakuwa sm 21.8.

---

BintiMakorora

Naomba kuingilia kwenye ndoo ya akiba, maana mnakwenda kufundisha kosa. Mkiunganisha akiba na mikopo kwa mrija, mwanafunzi ataondoka akiamini benki inasubiri watu waweke ndipo ikopeshe. Haifanyi hivyo. Benki ikikukopesha milioni 5, inaandika milioni 5 kwenye akaunti yako na wakati huohuo inaandika deni lako la milioni 5 upande wa mali zake. Amana hiyo haikuwepo asubuhi. Ukilipa mkopo, amana inafutika. Inachoizuia benki ni mtaji, ukwasi, sheria, na kama mkopaji anaeleweka.

Maji hayaumbiki, kwa hiyo hapa mfano wowote wa maji unapwaya. Njia rahisi ni jagi lililoandikwa BENKI, lenye maji yaliyotiwa rangi nyekundu kidogo, likae nje ya mtambo. Mkopo ukitolewa mimina ml 200 kwenye tangi la TANGA na uandike deni la 200 ubaoni. Marejesho ni kuchota na kurudisha jagini, na kufuta ubaoni. Ubao na tangi lazima visomeke pamoja. Riba ni uchotaji unaozidi kilichomiminwa, na wanafunzi wenyewe watauliza ziada inatoka wapi. Jibu ni kwamba benki nayo inalipa mishahara, umeme na gawio, sehemu inarudi Tanga na sehemu inatoka.

Na msiweke koki iliyoandikwa "Benki Kuu" inayoruhusu kiasi fulani cha maji. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaongoza kwa riba yake, iliyoanza na asilimia 5.5 na kupandishwa hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, badala ya kulenga wingi wa fedha kama zamani. Kwenye mtambo, riba ikipanda maana yake jagi linamiminwa mara chache zaidi. Inabadilisha uamuzi wa mkopaji, haifungi bomba.

Pesa za kwenye simu wala msizitengenezee ndoo mpya. Kila shilingi ya mtandaoni ina shilingi iliyowekwa kwenye akaunti ya dhamana benki. Ukiweka kwa wakala umebadilisha umbo la pesa, hujaongeza pesa.

---

KaribuPangani

Kabla ya kukata bomba, fanya kwanza kwenye karatasi ya hesabu ya kompyuta, utapata namba za kulinganisha. Safu tatu zinatosha: muda, fedha zilizomo, kipato. Kipato = fedha ÷ 129. Fedha za hatua inayofuata = fedha za sasa + hatua × (miingizo − 0.6 × kipato), zote kwa ml na sekunde. Anza na fedha 1,600 na miingizo 7.44; isipotikisika uko sawa. Badilisha miingizo iwe 8.68 (mirija 14), fedha zipande hadi karibu 1,867, yaani sm 23.3.

Hatua iwe sekunde 10 au 20. Ukiweka zaidi ya 430 namba zitaruka juu na chini na kukua bila mwisho. Hilo ni kosa la hatua ndefu, si mdororo wa uchumi.

Ongeza safu ya nne: jumla ya maji yote kwenye mtambo, hifadhi, vihori, kisima, kopo na tangi. Isibadilike kamwe, isipokuwa unapomimina au kuchota jagi, na hapo ibadilike kwa kiasi kilekile kilichoandikwa ubaoni. Kwenye mtambo halisi pima vivyo hivyo kila dakika 10. Ikipungua kwa ml 50, tafuta kiungo kinachovuja kabla hujatafuta maelezo.

---

MwalimuChumbageni

Dada BintiMakorora, jagi nimelikubali, na mrija wa akiba kwenda mikopo siuweki. Akiba itamwagikia hifadhini pamoja na nje na kodi. Fundi, swali la mwisho: hifadhi iwe na lita ngapi, na mirija niifunge kwa gundi gani?

---

FundiBomba_Ngamiani

Lita 10 mwanzoni, ili pampu isivute hewa hata ukifika mirija 16 ya miingizo. Gundi ya PVC ni ya kofia na viungo vikubwa tu, haishiki mrija laini. Kwa mirija toboa matundu madogo kidogo kuliko unene wa mrija, ingiza kwa nguvu, kisha zungushia silikoni kwa nje na uache saa 24. Ncha ya ndani iikate sawasawa kwa wembe. Mkasi unaibana na mm 2 inakuwa mm 1.5.

Kabla ya silikoni pima kila mrija mmoja mmoja kwa sekunde 60, kimo sm 20, tafuta ml 37. Unaopitisha 39 acha kama ulivyo, weka alama na uwe wa kipimo. Unaopitisha 35 punguza urefu sm 8 hivi upime tena. Mfupi mno haurudishiki, kwa hiyo kata kidogo kidogo.